Sinia la Vaileth

Kila Sikukuu ya Mavuno, Vaileth alikuwa akiingia kanisani na aibu yake ndani ya kikapu: sukari ya dukani. Wenzake wa usharika, wenye mashamba yao mlimani, walishuka na mikungu ya ndizi, kahawa, na majogoo walioizidi kwaya kwa kelele. Yeye na mumewe Aminieli walikuwa wamehamia Lemara kutoka Oldonyo Sambu, wakapanga chumba, na shamba lao lote lilikuwa ndoo za sukuma wiki mlangoni. Hakuna aliyemsema. Lakini mtu hangoji kusemwa ndipo aumie, na mwaka huu aliapa kupeleka madhabahuni kitu kilichotoka mikononi mwake.

Kazi aliyoijua ni ya kubandika picha kwenye vyombo, aliyojifunza kwa kutazama simu. Makopo yake ya kwanza aliyabandika maua kwa uji wa ngano, akayapanga dirishani akijisifu. Asubuhi panya walikuwa wamekula maua yote, wakamwachia makopo.

"Angalau wamepata mboga," Aminieli alisema, akanyimwa chai.

Mwanzo mgumu. Akahamia gundi nyeupe ya maseremala, akawa anaizimua kwa maji kidogo. Karatasi hakununua. Tishu za mezani zenye picha za maua, zilizobaki harusini, alizibandua tabaka la juu lenye rangi, na mama mwenye nyumba akampa kalenda kuukuu.

Kwa ajili ya mavuno alichukua sinia la mbao lililochakaa. Akalipiga msasa, akalipaka rangi nyeupe, akabandika waridi pembeni, akisukuma hewa kwa kidole kutoka katikati kwenda nje ili karatasi isikunjamane. Katikati pakabaki pengo. Kwenye ile kalenda kuukuu, iliyokuwa ya usharika, akaiona kwaya yenye majoho ya kijani, imesimama migombani na mzee mmoja wa miwani akitabasamu. Kijani kile kilikubaliana na majani ya waridi, basi akakata, akabandika, akapaka vanishi mpaka sinia likang'aa. Aminieli, ambaye si mtu wa kusifu ovyo, alilitazama akasema, "Hili tungebaki nalo wenyewe."

Baada ya ibada, sadaka zote zilitolewa uwanjani kunadiwa, kama ilivyo desturi. Mzee Prosper, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kuamsha mlima, aliliinua sinia, na bei ikaanza kupanda. Vaileth alikuwa hapumui kwa furaha. Kisha Mzee Prosper akavaa miwani yake.

"Wapendwa," alisema polepole, "huyu si Mchungaji Solomoni?"

Alikuwa ndiye. Alistaafu kabla Vaileth hajahamia, na siku hiyo alikuwa amealikwa kuhubiri. Alikuwa ameketi pale pale mbele, pamoja na mkewe. Bei ikakatika kama umeme.

"Nani ataweka chupa ya chai ya moto juu ya kichwa cha mtumishi wa Mungu?" mama mmoja alinong'ona, na uwanja mzima ukamsikia.

Mzee Prosper alinadi tena, akanadi tena. Watu wakaanza kukagua ndizi walizokwisha kuzikagua. Sadaka isiyopata mnunuzi hurudi kwa mwenyewe, na Vaileth alitamani ardhi ipasuke immeze. Hata sukari yake haikuwahi kurudishwa!

Ndipo mke wa mchungaji akasimama, akijishikiza kwenye bega la mumewe, akataja bei iliyowapita wote.

"Mama, utalitumiaje?" Mzee Prosper aliuliza.

"Tangu tufunge ndoa mimi ndiye ninayembebea chai," mama akajibu. "Sasa na yeye anibebee."

Uwanja ulilipuka kwa kicheko, na aliyecheka kuliko wote alikuwa mchungaji mwenyewe. Vaileth akajikaza, akamwendea yule mama.

"Shikamoo mama. Naomba unisamehe, sikumjua."

"Marahaba, mwanangu. Ungemjua usingethubutu, na mimi ningekosa sinia."

Akaishika mikono ya Vaileth, akaigeuza, akaiona gundi iliyokaukia kwenye kucha.

"Mungu aibariki mikono hii," alisema, na Vaileth akalia kwa furaha mbele ya usharika wote.