Maganda ya mandarini mu tumbako ya Kambo

Juma lililopita nilikuta mama anatia vifungo mu kopo ya zamani ya Kambo, nyanya yangu. Nikanusa, na pua yangu ikatangulia kurudi utotoni.

Mu kopo ile ilikaa tumbako ya kiko. Muchumba wa tantini Mwansa, binti ya Kambo, aliileta kutoka Pweto, Kambo akaichanganya na asali, akasema ilale misimu miwili ya mvua chini ya kitanda. Ikiamuka na ladha mubaya, hakuna ndoa. Mimi nikadhani inalala kweli, nikaionea huruma kwa njaa. Kila mandarini niliyokula, lile chungwa dogo, ganda moja nililisukuma mule mu kopo.

Alasiri ya kuonja, baba wa muchumba alikaa mu abakosti, koti ya heshima iliyofungwa hadi shingoni, jasho likimtiririka. Kambo akavuta kiko, akafumba macho. Moshi wa buluu ukaogelea polepole mu mwanga wa dirisha. Nikawaza: maganda yangu yamemuacha tantini bila muume.

«Sitwayeni,» Kambo akamwita yule baba mwishowe, vile watu wazima waliitana siku zile, «tumbako iko muzuri. Bamuoe.»

Tangu siku ile, kila Noeli nilimudai muume wa tantini biskwi, malipo ya maganda.

Juma lililopita nilipomwambia mama habari ya maganda, alicheka mpaka vifungo vikamwagika. «Weye! Kambo hakukuwa anasikia hata harufu ya samaki ya kuoza. Alikuwa anaangalia tu kama bale bantu banajua kungojea.»

Sawa. Lakini biskwi sirudishi.