Dada Aliponiomba Mji

Siku aliyotutembelea dada yangu Aikande naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa natamani ningeisahau. Nilikuwa kijana wa kidato cha nne, niko likizo nyumbani kwetu Machame, na sifa zilikuwa zimenilevya. Fumbo gani lingenishinda? Vile visanduku vya maneno vya gazetini nilivijaza kwa kalamu ya wino, bila kufuta. Lile la mtu anayevusha chui, mbuzi na majani mtoni nililifumbua kabla mwalimu hajamaliza kulieleza. Hata ile picha iliyokatwa vipande vipande, waliyoileta wageni kanisani, niliiunga peke yangu wenzangu wakitazama. Leo nawaona mnavyopanga namba kwenye simu zenu, namkumbuka kijana yule. Sikatazi. Akili ni kisu, hunolewa.

Aikande alikuwa ameolewa Kahe, kule tambarare, hata mwaka haujaisha. Alifika asubuhi, tukakaa jikoni tukimenya ndizi. Tangu utotoni tulizoea kutegana vitendawili. Akasema bila kuinua macho:

"Kitendawili."

"Tega."

"Ng'ombe wangu halali njaa, lakini hakosi kulia."

"Mashine ya kusaga!" nikajibu papo hapo. "Inalishwa mahindi, inanguruma."

"Umekosa. Nipe mji."

Kama ujuavyo, anayeshindwa humpa mwenzake mji. Nikampa Moshi na mitaa yake yote. Akakataa. Nikampa Arusha. Akatikisa kichwa.

"Nipe hapa nyumbani," akasema. "Nikae."

Nikacheka, mwanangu. Nikamwambia hapa si mji, ni kihamba cha baba, migomba na kahawa tu. Achague mji wa kweli. Akaendelea kumenya ndizi. Alasiri akarudi kwa mumewe, na jibu hakunipa.

Wiki mbili baadaye tukaletewa habari kwamba amelazwa hospitali mjini, mkono umevunjika mahali pawili. Mumewe alikuwa akimpiga tangu mwezi wa kwanza wa ndoa.

Nilikwenda kwa bibi, mama yake baba, nikamweleza kile kitendawili. Alikuwa anapepeta ulezi. Akaweka ungo chini. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo.

"Mjukuu wangu," akasema, "unadhani mafumbo yalitoka kwenye magazeti? Mengine yalizaliwa jikoni, watoto wasisinzie chakula kikichelewa kuiva. Mengine yalizaliwa na mtu asiyeweza kusema wazi, mkamwana mbele ya wakwe, mnyonge mbele ya mwenye nguvu. Aikande aliona haya kumwambia baba yako, aliyemwozesha mbele ya kanisa zima. Akakuletea wewe: ng'ombe yule anayeshiba na kulia ni yeye mwenyewe. Wewe ukatafuta jibu tu, hata uso wake hukuutazama."

Alivaa viatu vyake vya kanisani, akamwita baba, wakashuka mjini kumchukua. Aikande hakurudi Kahe tena. Mkono ulipona ukiwa umepinda, na ndoo ya maji hajaweza kuibeba hadi leo. Nilikata jani la isale, lile tunaloombea msamaha huku kwetu, nikampelekea kwa mikono miwili. Alilipokea. Lakini hajawahi kunitegea kitendawili kingine, na sasa sote tuna mvi.

Wahenga walisema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulifumbua. Nami niliyejiita mwerevu ndiye niliyekuwa mjinga siku ile.

Basi mwanangu, cheza michezo yako, ushinde. Lakini mtu akikuambia neno lililopinda, awe dada yako, awe rafiki wa shule, awe hata jirani usiyepatana naye, iweke simu chini. Mtazame. Usikimbilie kujibu. Muulize taratibu, "Una nini?" kisha subiri, hata akikawia. Na akishakuambia, usimwache na mzigo wake. Nenda ukawaite watu wazima wenye nguvu ya kumsaidia. Huenda ukauliza bure, ukachekwa. Kuchekwa ni aibu ya siku moja. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nimemlea hadi uzeeni.

Ruwa, Mungu wa wazee wetu, akufungue masikio mapema kuliko alivyonifungua mimi. Wanaokupenda wasione haya kukujia, na kila atakayekujia akukute uko tayari. Nenda kwa amani, mwanangu.