Magurudumu ya Mama Mkwe

Eliudi alikuwa fundi wa kukereza vyuma pale Pasua, Moshi mjini, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja: akiona kitu kinachozunguka vizuri, lazima akifungue. Mkewe, Gladness, alishapoteza feni moja na mashine ya kusagia nyama, akazoea. Mama yake Gladness hakuwa amezoea, maana yeye aliishi Machame na ng'ombe wake wanne wa maziwa, na mjini alishuka mara moja kwa mwaka.

Mwaka huu alishuka wiki ile ile ambayo Primus, mfugaji wa Mkuu kule Rombo, alileta kazi ya shafti ya mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Shafti yenyewe ilikuwa ndefu kuliko Primus. Chuma kirefu hivyo ukikifunga ncha mbili na kukizungusha, katikati hakitulii. Kinacheza, kisu kinarukaruka, na mwisho unatoka na kitu chenye mapingili kama muwa. Lazima kishikwe kiuno huku kinazunguka. Wenye karakana kubwa hununua kishikio chake dukani. Eliudi alikata duara kwenye rimu ya lori, akachomelea nati tatu, akapitisha boliti tatu zikielekea katikati kama vidole. Ikabaki kazi ya ncha, pale vidole vinapogusa chuma.

Alianza na mbao, yaani mwiko wa Gladness. Baada ya dakika tano karakana nzima ilinuka ukoko. Akajaribu shaba ya koki ya nyumbani. Ikapiga kelele mpaka fundi cherehani wa jirani akahamisha meza yake, na nyumbani bomba likazibwa kwa gunzi la hindi.

Mchana wa siku hiyo akaenda stendi kumpokea mama mkwe. Akashika sanduku lake la magurudumu manne, akalivuta juu ya kokoto, asisikie kelele yoyote. Akasimama. Akalivuta tena.

"Baba Violet, kuna nini?" mama aliuliza. Alimwita kwa jina la mjukuu, kama heshima inavyotaka.

"Hakuna, mama. Sanduku zuri."

"Mwanangu wa Dar ndiye aliyeniletea."

"Lina beringi ndani," Eliudi alisema, kwa sauti ya mtu aliyependa.

Siku tatu sanduku lilikaa nyuma ya mlango, naye alijizuia. Siku ya nne, wanawake wakiwa sokoni, alifungua magurudumu matatu. La nne aliliacha kwa ajili ya adabu.

Nia yake ilikuwa kuyarudisha kabla ya Jumamosi, siku ya mama kuondoka. Lakini kesho yake asubuhi mama alipigiwa simu kwamba ng'ombe mmoja anakaribia kuzaa, akafunga safari. Alipovuta sanduku nje ya mlango, likazunguka lile gurudumu moja kama mbuzi aliyefungwa kambani, likamgonga muundi. Akaliinua, akachungulia chini yake. Hakumuuliza mtu.

Eliudi alimwona akija karakana, sanduku kichwani. Akakimbilia uani, akachuma jani la isale kwenye ua, jani ambalo Mchaga akipelekewa hana njia ila kusamehe. Akampokea nalo kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama alilitwaa jani, akaligeuzageuza. "Nimesamehe. Magurudumu yangu yako wapi?"

Yalikuwa yameshika shafti kiuno, na Primus mwenye kazi amesimama pembeni, naye akamwamkia.

"Nikiyatoa sasa hivi, mama, kazi ya mtu inaharibika."

"Basi nitasubiri," mama alisema, akakalia sanduku.

Mashine ilipowashwa, magurudumu yakalia kama nguruwe. Chenga za chuma zilikuwa zinaingia chini yake. Mama alivumilia kidogo.

"Zima," alisema.

Akafungua sanduku, akatoa kopo la mafuta ya kukamulia, yale anayopaka chuchu za ng'ombe, akayapaka magurudumu moja moja kwa kidole. Kisha akatoa mfuniko wa ndoo ya maziwa aliyoleta, akautoboa katikati, akaupasua upande mmoja, akamwambia Eliudi auvishe kwenye shafti mbele ya magurudumu.

"Maziwa hufunikwa," alisema. "Takataka haziingii."

Eliudi akawasha. Chenga zilipiga mfuniko na kuanguka chini, magurudumu yakanyamaza, na kisu kikateleza toka mwanzo hadi mwisho. Primus alipitisha kidole kwenye shafti, akamtazama mama, akamuuliza kama anachukua kazi.

Gari la Machame lilishaondoka. Ng'ombe alizaa bila yeye, ndama jike, na jambo hilo halikumuuma kama alivyotazamia.

Magurudumu, hata hivyo, yalitoka na mifereji. Asubuhi iliyofuata Eliudi alikereza mengine matatu ya chuma kitupu, akayafunga. Sanduku likawa na uzito wa jiwe la kusagia, na kwenye lami lilinguruma hata bodaboda wakapisha. Mama alipanda gari, na Eliudi akarudi nyumbani akiwa hana raha.

Jumapili mama akapiga simu. Eliudi aliipokea amesimama.

"Baba Violet, nimelivuta toka barabarani hadi kanisani, mkutano wa akina mama. Hata mchungaji alitoka nje kutazama."

"Nisamehe, mama."

"Lile la nne la plastiki linanivuta upande. Nikerezee na hilo. Halafu jirani anauliza kama unatengeneza ya toroli."