Umbali wa Bismillahi

Mwanangu, katika miaka yote niliyoshika usukani nakumbuka siku moja kuliko nyingine zote, na si siku ya kujisifu. Ilikuwa asubuhi, natoka Bahi na magunia ya mpunga, naelekea Dodoma mjini. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na kichwa changu kimejaa maneno ya watu.

Maneno yenyewe ni haya. Madereva wote wa pikapu za mizigo pale mjini walikuwa wanaume, isipokuwa mimi. Nikichelewa dakika tano tu, mmoja atasema, "Mwacheni dada, alisimama njiani kupika." Mimi mtoto wa Kondoa, nimekulia vilimani, sikuzoea kuchekwa. Nikaapa hakuna gari litakalonichelewesha barabarani. Nikimkuta mtu anakwenda taratibu, namganda nyuma, namwashia taa, nampigia honi mpaka achoke anipishe. Wengi walinipisha, nami nikadhani huo ndio udereva.

Siku hiyo mbele yangu palikuwa na pikapu ya zamani, imezungushiwa bodi ya mbao ndefu. Aliyeiendesha ni mzee wa Kigogo, Mzee Yohana, ingawa jina lake nilikuja kulijua baadaye. Nilipiga honi, yeye anakwenda zake. Nikamsogelea mpaka nikawa naona misumari ya bodi yake. Tukapanda kilima kidogo, tukaanza kushuka, mara taa zake za nyuma zikawaka. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote na haikusaidia kitu. Nikamvaa kwa nyuma, rejeta ikapasuka, mvuke ukatanda.

Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Lakini tajiri wangu, yaani mwenye gari, alikwishaniambia tangu siku ya kwanza: ukigonga, ufunguo unarudi. Na kazi ile ndiyo iliyokuwa inamlisha mama yangu kule Kondoa, ambaye hakuwa na mtu mwingine. Kwa hiyo nilishuka nikiwa nimeshaamua la kusema.

Trafiki akatokea upande wa Bahi na pikipiki yake. Nikamwahi. "Afande, huyu mzee amefunga breki ghafla katikati ya barabara. Mbele hakuna kitu." Na nikwambie kweli, mwanangu, nusu ya maneno hayo niliyaamini mwenyewe, maana mimi sikuwa nimeona kitu. Wala sikupiga hata hatua moja kwenda kuangalia. Trafiki akamwomba mzee leseni, mzee akampa. Kisha mzee akanigeukia mimi.

"Binti, hujanisalimu."

Nikasema shikamoo.

"Marahaba. Hebu simama hapa nyuma ya bodi. Unaona nini?"

"Naona mbao."

"Na zaidi ya mbao?"

Nikaangalia tena. Hapakuwa na zaidi.

"Basi wewe ulikuwa unaendesha huku unatazama mbao," akasema. "Mimi nilikuwa natazama barabara. Twende tukaione."

Tukatembea, yeye, mimi na trafiki. Hatua chache mbele ya pikapu yake kulikuwa na matawi mabichi yamelazwa juu ya lami. Hata mtoto wa shule hapa kwetu anajua maana yake: mbele kuna gari limeharibika, punguza mwendo. Tukapita kona, na hapo ndipo nilipoliona lori. Limeinuliwa kwa jeki, wanaume wawili wamelala chini yake, miguu ya mmoja imetokeza barabarani. Pembeni mama mmoja ametandika khanga, ananyonyesha.

Nilikaa chini palepale. Mzee yule angenipisha kama nilivyokuwa namshurutisha, ningefika pale mimi wa kwanza, na kwa mwendo ule. Kilichokuwa kati yangu na miguu ile kilikuwa ni bodi ya mzee niliyekuwa namsingizia.

Nikamwambia trafiki, "Afande, kosa ni langu. Nilikuwa nimemkaribia mno." Akamrudishia mzee leseni yake, akaandika ya kwangu. "Hata kama asingekuwa na sababu, dada," akasema, "wewe wa nyuma ndiye wa kuacha nafasi."

Sasa cheka kidogo. Gari langu lisingeweza kwenda, kwa hiyo aliyenivuta kwa kamba mpaka mjini ni Mzee Yohana huyohuyo. Nilipita mbele ya wale madereva wote nikikokotwa polepole, na walinicheka mpaka wakashika matumbo. Mzee alifuatana nami hadi kwa tajiri, nami nikaeleza kila kitu, hata uongo wangu. Tajiri akautia ufunguo mfukoni. Mzee akamwambia, "Huyu amesema ukweli wakati uongo ulikuwa unamfaa. Mimi ningempa gari langu." Mwezi mzima tajiri alinibebesha magunia mgongoni kama kuli. Siku ya kwanza ya mwezi uliofuata nikaukuta ufunguo juu ya gunia langu, na mama yangu hakuwahi kujua kama ulitoka mikononi mwangu.

Kabla hatujaagana, mzee alinifundisha jambo moja. Gari la mbele likiipita nguzo ya umeme, yeye huanza kusema polepole, "Baba yetu uliye mbinguni." Asipoyamaliza maneno hayo kabla ya kuifikia nguzo ile, anajua amekaribia mno. "Wewe sema la kwenu," akaniambia. Nami tangu siku hiyo nasema Bismillahir Rahmanir Rahim, yote, bila kuikimbiza. Nimeendesha miaka mingi hivyo, na sikugonga mtu tena.

Mwanangu, wewe unayeendesha gari kwenda kazini Mtumba kila asubuhi na kurudi jioni, na kila mtu barabarani ana haraka zake, nakuomba hivi. Usimgande mtu nyuma. Anayekwenda taratibu huenda anaona usichokiona. Ukigonga wa mbele, usitafute maneno. Shuka, msalimu, kubali. Na wewe ukigandwa, usimkomeshe mtu kwa breki. Sogea pembeni umpishe kama pana nafasi, na umwombee heri, maana huyo ni mimi wa miaka ishirini na sita. Watakaokucheka kwa kuchelewa watacheka leo na kusahau kesho.

Mungu akufungulie njia, akuwekee watu wema mbele na nyuma yako, akurudishe nyumbani kila jioni ukiwa mzima. Na ikifika nguzo, mwanangu, isome Bismillahi yote. Wapo watu chini ya lori, na hawajui kama unakuja.