Majina ya Watoto Wetu Katika Madaftari ya Maman Lucienne

Jina la marehemu mdogo wangu nililikuta kwenye daftari la mwanamke niliyekuwa nakaa kwake.

Cédric alifia kwetu Lubumbashi akiwa na miaka minne. Humo daftarini alikuwa na miaka arobaini, rubani wa chombo kinachoelekea kwenye nyota.

Nikafunua ukurasa mwingine. Nday, binti wa Maman Régine, kiongozi wa kikundi chetu cha maombi. Naye marehemu! Humo anaruka angani, anacheka, anagombeza watu.

Jamani, nikalifunga daftari haraka.

Huyo mwenyeji wangu, Maman Lucienne, tunayesali naye, alikuwa anasafisha ofisi huku ughaibuni, karibu na kituo cha Schuman. Akirudi nyumbani, mtaa wa Etterbeek, anaandika mpaka vidole vinakakamaa. Madaftari tisa, miaka kumi na minane, na hakuna nakala nyingine. Alishaniambia ni hadithi za miaka mia mbili ijayo.

Lakini nani kwetu aliwahi kuona mwanamke anaandika mambo hayo? Anayerusha wafu angani sisi tunamwita mchawi, si mwandishi.

Na mimi mdomo wangu hauna breki. Nikamwambia Maman Régine. Mbaya zaidi, nikambebea na madaftari yenyewe.

Jumamosi mchana, uani nyuma ya ukumbi tunamosalia, mtaa wa Saint-Josse, madaftari yalikuwa ndani ya ndoo ya bati. Maman Régine kashika kiberiti. Maman Lucienne kaitwa, kaja na koti la kazi.

“Lucienne, juu ya nini uliandika jina ya mutoto yangu? Njo we ulimukula?”

Nilidhani atapiga magoti. Wapi!

“Bon. Nasomaka bitabu bya kesho,” akasema. “Bazungu bako, mashine iko. Siye hatuko, hata moya. Alors nikajiuliza, kesho yetu nitaijaza na banani? Majina mulinipa benyewe, mu maombi. Nikaweka bale batoto benye hawakukomala.”

Nikaona aibu hadi nikatamani kukimbia. Miaka kumi na minane ya mtu ilikuwa ndani ya ndoo kwa sababu yangu.

Maman Régine akauliza kwa sauti ndogo:

“Nday yangu iko na miaka ngapi?”

“Trente-quatre, makumi tatu na ine. Njo kapiteni. Bote banamuogopa.”

“Eeh! Alikuwaka mukali tangu mudogo,” akasema, huku analia na kucheka kwa pamoja. Akainama, akatoa madaftari moja moja, akayafuta vumbi kwa kitenge chake.

Nikadhani yameisha. Ghafla Maman Mujinga wa kikundi chetu, naye aliyefiwa na mwanawe, akasukuma watu, akafika mbele.

“Na Donatien yangu? Sikumuona. Umutie na ye, donc! Alipendaka mupira.”

Basi ikawa foleni. Kila mama anataja jina, umri, na alichopenda mtoto wake. Maman Lucienne anaandika tu, hata koti hajavua.

Mimi nilisimama mwisho kabisa, nikaomba msamaha.

“Ya Cédric tayari,” akaniambia. “We utanipigia yote ku ordinateur.”

Kuyapiga chapa kwenye kompyuta ndiyo kazi yangu mpaka leo. Niko daftari la nne, na wale kina mama wananipigia simu kila jioni kuulizia watoto wao wamefika wapi.

Ndugu msomaji, usikimbilie kuchoma usichokisoma. Mimi ilibaki njiti moja tu ya kiberiti nimuue mdogo wangu mara ya pili.