Maneti ya Mtoto wa Mwisho

Juzi nilikuwa nimekaa mlangoni nachagua mchele wa Bugarama, jua la asubuhi likinipiga mgongoni, nikasikia wajukuu wangu wawili wanabishana sebuleni. Shule zimefungwa, basi kazi yao ni mpira. Si ule wa uwanjani. Ni ule wa kwenye televizioni, unaochezwa na maneti. Kama huijui maneti, ni kitu cha plastiki chenye pembe mbili, unakishika kwa mikono yote na vijiti vyake unavisukuma kwa vidole gumba. Kwangu ziko mbili, nzima na mbovu. Nzima anashika mkubwa. Mbovu anashika mdogo. Sikuwahi kuuliza kwa nini.

Mdogo akasema, "Siiguse hata. Iko inajiendea yenyewe kushoto."

Mkubwa akamcheka. "Kila siku unasingizia maneti. Maneti haina kosa, dada. Ni mikono yako njo haina akili."

Nikaweka ungo chini. Neno hilo nililisikia zamani sana, na lilisemwa juu ya jembe.

Sisi tulikulia ng'ambo ya mpaka, ile milima ya juu ya Bukavu. Wazazi walitoka upande huu wa Kamembe wakaenda kulima upande ule. Kama na wewe ulikulia kule, unaujua udongo wake mwekundu, mvua ikinyesha unatembea na nusu ya shamba chini ya miguu. Asubuhi baridi inauma masikio. Mama alitoa viazi vitamu kwenye majivu tukavila njiani, ganda na yote, mikono ipate joto. Mchana ilikuwa bugali na sombe ya majani ya muhogo, na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kama baba alikuwa ameteremka sokoni. Lakini ninachokikumbuka kuliko chakula ni sauti ya majembe kwenye mawe madogo. Kila jembe lilikuwa na sauti yake. Ungefumba macho ungejua nani yuko wapi.

Majembe yalisimama nyuma ya mlango, yamepangwa kama tulivyozaliwa. La baba, la mama, la kaka, langu, na mwisho kabisa la mdogo wangu. Vyombo kwetu vilishuka kama nguo. Mkubwa akipata kipya, cha zamani kinateremka, kinateremka, mpaka kinafika kwa wa mwisho, na yeye hana wa kumpa. Hakuna aliyeona ubaya. Ulikuwa utaratibu tu, kama kunawa kabla ya kula.

Na jembe lile lilipofika kwa mdogo wangu lilikuwa limekwisha. Bati la chuma lilikuwa limelegea kwenye mpini, limekazwa kwa kitambaa, kila ukipiga linageukia kushoto. Mpini wenyewe ulikuwa wa mkono wa mwanamume. Katikati ulikuwa na kifundo, na pembeni ya kifundo ufa. Ukiinua jembe ufa unafunguka, ukipiga unajifunga, na ngozi ya kiganja iko katikati.

Alisema mara moja tu. "Mama, jembe linanifinya."

Mama hakunyoosha hata mgongo. "Jembe halina kosa. Kosa liko mkononi."

Mama hakuwa mtu mbaya. Na yeye aliambiwa hivyo na mama yake. Siku ile ile kaka akatazama matuta ya mdogo wangu, namna yalivyokwenda upande, akasema, "Huyu analima kama mulevi anatafuta kwake." Tukacheka sote. Na yeye alicheka. Tangu hapo hakusema tena. Alianza kula kwa ncha za vidole, mama akamgombeza kwamba anadonoa chakula kama kuku. Alikuwa anauficha mkono ndani ya kitenge.

Ulikuwa wakati wa kupalilia maharage na kubeba samadi ya ng'ombe. Asubuhi moja mama alimpa kiazi, akakishika tu. Alisema kwa meno yaliyofungana kwamba mdomo haufunguki. Mama akadhani amenuna. Jua lilipokuwa linazama mgongo wake ulikuwa umepinda kama upinde, na ukidondosha hata kijiko anashtuka mwili mzima. Wanaume wakambeba kwa machela mpaka kwa nesi. Nesi hakutazama mdomo. Alitazama mikono. Akaufungua ule wa kushoto, kidole kimoja kimoja, na kwenye kiganja kulikuwa na kidonda cheusi, kidogo, hata punje ya haragwe ingekifunika.

Akauliza, "Nani anawaangaliaka hawa batoto mikono?"

Ugonjwa aliuita tetanosi, yaani pepopunda. Tulimzika maharage yakiwa bado ni maua.

Baada ya matanga mama alikwenda nyuma ya mlango akachukua lile jembe la mwisho. Lake akaliweka mahali pa langu, nilime nalo. Baba alikata mti mzuri wa mkaratusi, akaumenya, akausugua, akauleta uwe mpini mpya. Mama akamwambia, "Acha lilivyo." Alilima nalo mpaka uzee. Matuta yake yote yalikwenda kushoto, majirani wakayaona wakapita zao. Na yale maneno, kwamba jembe halina kosa, sikuyasikia tena kinywani mwake. Tukirudi kutoka shamba alisimama mlangoni, anasema, "Lete mkono nione." Kabla ya salamu. Kabla ya maji.

Basi juzi niliingia sebuleni. Nikamwambia mdogo, "Lete mkono nione."

Alinyoosha. Kidole gumba kimechubuka, ngozi imetoka, chini ni pekundu. Kumbe kofia ya mpira ya kile kijiti ilishang'oka, imebaki plastiki tupu yenye ukingo mkali. Nikamwosha kwa maji ya moto na chumvi, nikamfunga. Kisha nikaichukua ile maneti, nikaishika mwenyewe.

Nisiseme uongo, imekaa vizuri mkononi. Zile pembe zinaingia kwenye kiganja kama viazi viwili vya moto asubuhi ya baridi. Uzito ni wa haki. Vidole vya nyuma vinapata pa kulala. Aliyeitengeneza anajua mkono. Lakini anajua mkono wa mtu mzima, mwenye vidole virefu. Mtoto anajinyoosha mpaka kifundo cha mkono kinauma. Na pale nusu mbili za plastiki zinapokutana pana mstari, ukikaza unafinya ngozi. Na kile kijiti, hata usipokigusa, kinasukuma. Fundi wa simu hapa Kamembe, naye ananiita Koko kama bibi yake, alikwisha kuniambia, "Koko, kimekulwa ndani, hii haitapona." Mjukuu wangu alikuwa anasema kweli siku zote hizo.

Nikamwambia mkubwa, "Ile nzima mpe mdogo wako, kidole kikipona."

"Na mimi, Koko?"

"Utangoja zamu yako."

"Na ile mbovu atacheza nayo nani?"

"Mimi."

Walitazamana. Mkubwa akasema, "Koko, hata goli hauijue iko wapi."

Sijui, kweli. Lakini sasa nakaa nao kila alasiri, kitenge magotini, maneti mbovu mkononi. Mchezaji wangu anakwenda kushoto mpaka kwenye mstari, anabaki pale anatembea, anatembea, hafiki. Wananifunga mabao, wanacheka. "Koko, mukamate, anatoka inje." Nawaambia mumwache, kosa si lake. Ngozi ya kidole changu ni nene, imelima, hakuna kitakachoingia.

Lile jembe tuliliacha nyuma ya mlango siku tuliyovuka kurudi huku. Mlango wenyewe sijui kama upo. Mama hayupo, baba hayupo, kaka naye. Zile sauti za majembe kwenye mawe hakuna mwingine aliye hai anayeweza kuzitofautisha. Picha ya mdogo wangu hatukupiga hata moja, na sura yake imeniponyoka, nakumbuka kitenge tu na mkono ulio ndani yake. Alasiri namtazama yule mchezaji anakwenda kushoto bila kutumwa, na humu ndani ya nyumba yangu hakuna tena anayesema kosa liko mkononi.