Masizi Shavuni

Uvimbe ulianza chini ya sikio la kushoto, mdogo kama punje ya karanga, na haukuuma. Kwa sababu hiyo niliudharau miaka miwili. Ulipofikia ukubwa wa yai la njiwa, nikaanza kufunga kitambaa cha kichwa kikiulalia. Jumapili moja, kanisani Manika, niliona wanawake watatu wamefunga vilevile. Walidhani ni mtindo mpya. Sikuwasahihisha.

Shemeji yangu ndiye aliyeugundua, akaamua kuwa ni matubwitubwi, maradhi ya watoto.

“Mulamu, uzee yote hii, njo unagonjwa bugonjwa ya batoto?”

Kwetu matubwitubwi hupakwa masizi ya sufuria shavuni, na hayaoshwi mpaka uvimbe ushuke. Mimi ndiye niliyewapaka watoto wote wa mtaa wetu, ningekataaje? Nikapakwa. Wale niliowapaka zamani, sasa wana ndevu, walipita makusudi kunisalimu.

Uvimbe haukushuka. Binti yangu akanipandisha pikipiki ya taxi-moto, nami na masizi yangu, mpaka hospitali. Daktari alianza kwa kuniosha. Kisha akaubonyezabonyeza uvimbe, akachoma sindano nyembamba, akavuta majimaji yakapimwe. Majibu yalipofika, akaeleza kwamba tezi ya mate ndiyo iliyoota uvimbe. Haukuwa kansa, lakini ukiachwa ungeweza kugeuka, kwa hiyo ulipaswa kukatwa. Ila mshipa unaoendesha uso hupita ndani ya tezi hiyo hiyo. Ukijeruhiwa, upande mmoja wa uso hulegea.

Hapo ndipo nilipoogopa. Nimelea watoto tisa bila fimbo, kwa kukunja uso tu. Nikilegea upande mmoja, nani atanitii?

“Tata munganga,” nikamwambia daktari, “hata sikio unaweza kubeba. Lakini kukunja uso uniachie.”

Nilipozinduka, shingo ilikuwa imefungwa bandeji, na daktari amesimama mbele yangu.

“Mama, cheka kidogo, nione kama mushipa iko muzima.”

“Nicheke nini? Kuko nini ya kuchekesha hapa?”

“Basi, kunja uso.”

Nikaukunja, pande zote mbili, kwa nguvu za siku zote. Muuguzi aliyekuwa akila andazi mlangoni alilificha nyuma ya mgongo. Daktari akaandika kwamba mshipa ni mzima.

Shemeji yangu hadi leo anadai masizi ndiyo yaliyoulainisha uvimbe ukakatika kirahisi. Nikimkunjia uso, humsifu daktari.